Shilingi 900 kwa mwaka: kwa nini kliniki ya mtaani inaikwepa SHA

Tangu tarehe 1 Desemba 2025, walimu wa Kenya walio chini ya tume inayowaajiri, TSC, walipohamishwa kutoka bima ya kampuni ya Minet hadi Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, swali moja limekuwa likizunguka katika vyumba vya walimu na makundi ya WhatsApp: ni hospitali gani inakubali SHA? Mama mboga na mwendeshaji bodaboda wamekuwa wakiuliza hivyo hivyo tangu 1 Oktoba 2024, NHIF, bima ya afya ya serikali iliyotangulia, ilipofungwa na SHA ikaanza. Serikali hujibu kwa kutoa orodha ya vituo vyenye mkataba. Wenye hospitali za kibinafsi hujibu kwa kutaja madeni wanayodai. Naona pande zote mbili zinapita kando ya kile anachotafuta mwananchi. Mtu mwenye presha, au mama mwenye mtoto anayekohoa tangu juzi, anatafuta daktari wake: mtu aliye karibu na nyumbani, anayemjua, atakayempokea leo na kumpokea tena mwezi ujao. Daktari huyo hapatikani kwa sababu bei iliyowekewa kazi yake ni ndogo kiasi cha kumfukuza, na hata bei hiyo ndogo haijatengewa pesa za kutosha. Ulaghai upo, tamaa ya baadhi ya wenye kliniki ipo, uzembe wa kujisajili nao upo. Lakini hayo yanafuata nyuma ya hesabu hiyo, na tukiyatanguliza tutaendelea kugombana miaka mingine kumi.

Tuanze na jinsi mambo yalivyopangwa, kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 iliunda hazina tatu chini ya SHA. Ya kwanza ni ya huduma za afya ya msingi, nayo hulipia matibabu ya kawaida katika zahanati na vituo vya afya, yaani Leveli 2 na Leveli 3. Ya pili ni SHIF, ambayo ndiyo bima yenyewe: asilimia 2.75 ya mshahara kwa mwajiriwa, na kwa asiye na ajira rasmi, kiasi kinachokadiriwa kulingana na uwezo wa kaya yake, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi na kinacholipwa kwa mwaka mzima kwa mkupuo. SHIF hulipia hasa kulazwa, kujifungua, upasuaji na huduma kubwa katika hospitali. Ya tatu ni ya dharura, magonjwa sugu na mahututi, inayochukua mzigo pale SHIF inapokwisha. Sasa shika jambo moja: hazina ya afya ya msingi haitokani na makato yako ya mshahara. Inatokana na kodi, kupitia bajeti ya serikali. Maana yake ni kwamba mtu aliyejisajili SHA, hata kama hajawahi kulipa mchango wa SHIF, ana haki ya kuonwa bila malipo katika kituo cha Leveli 2 au 3 chenye mkataba. Nimewasikia watu wazima wenye elimu zao wakisema hawaendi kliniki kwa sababu hawajalipa SHA. Nimewasikia pia wahudumu wa kliniki wakiwaambia wagonjwa hivyo hivyo.

Kuna upande wa pili wa mpango huo ambao haukuelezwa wazi, na umewaumiza wengi. Kwa mwananchi wa kawaida, hospitali za Leveli 4, 5 na 6 hazikuwekewa mlango huo wa bure kwa mgonjwa wa nje. Ukienda hospitali kubwa ya kaunti na homa, ukaonwa na kupewa dawa bila kulazwa, unalipa kutoka mfukoni. Mtu anayekatwa asilimia 2.75 kila mwezi huona kama anaibiwa. Kwa mwenye mshahara wa shilingi 100,000, makato yalipanda kutoka 1,700 za NHIF hadi 2,750, na bado anatoa pesa dirishani akienda kutibiwa mafua. Hasira yake naielewa kabisa. Lakini nia ya mpango ilikuwa kumwelekeza aanzie chini, kwa daktari wa karibu, hospitali kubwa ibaki kwa wanaoihitaji. Wazo hilo ni zuri, na nchi nyingi zilizofaulu katika afya zilianza hapo. Kasoro ni kwamba tulifunga mlango mkubwa kabla ya kuhakikisha kwamba kwenye mlango mdogo kuna mtu.

Machi 2025 nilimsindikiza shangazi yangu mtaani Kaptembwo, Nakuru. Ana miaka sabini na mbili na anameza dawa ya presha kila siku. Zahanati ya serikali iliyo karibu naye ilikuwa imefungwa, maana ilikuwa Jumamosi, na dawa zake zilikuwa zimebaki mbili. Kliniki ya kwanza ya kibinafsi ilikuwa na stika ya SHA kwenye kioo cha mapokezi. Binti wa mapokezi akachukua kitambulisho, akaandika namba kwenye kompyuta, tukangojea tarakimu za siri ziingie kwa simu. Hazikuingia. Zilikuwa zimetumwa kwa simu ya binamu yangu aliye Eldoret, kwa sababu ndiye aliyemsajili mamake kwa namba yake mwenyewe. Tukampigia, akatusomea, kompyuta ikakubali. Kisha yule binti akasema kwa upole kabisa: “Shosho, SHA yako iko sawa. Lakini hapa tunaitumia kwa wa kulazwa tu. Kumwona daktari ni keshi.” Kliniki ya pili walituambia mtambo hauko, turudi Jumatatu. Ya tatu walimpokea kwa SHA, wakampima, presha ikawa juu, wakamwandikia dawa ambazo hawakuwa nazo. Tulizinunua kemisti.

Kilichonikaa moyoni ni mkoba wake. Ndani mlikuwa na madaftari manne ya shule, ya kurasa thelathini na mbili, kila moja la kliniki yake, na kila moja limeanzwa upya: jina, umri, “mgonjwa mpya”, kipimo cha presha cha siku hiyo. Hakuna daftari lililofika ukurasa wa tano. Hakuna tabibu hata mmoja kati ya wale wanne aliyejua kwamba dawa aliyomwandikia iliwahi kumvimbisha miguu mwaka mmoja nyuma. Shangazi yangu ana bima, amesajiliwa, ameonwa na watu wanne waliosomea kazi yao, na hana daktari.

Tuje kwenye bei. Katika viwango vilivyotangazwa SHA ilipoanza, huduma ya mgonjwa wa nje katika Leveli 2 na 3 iliwekewa shilingi 900 kwa mtu kwa mwaka. Hizo ni shilingi 75 kwa mwezi. Ndani yake mnatakiwa mtoke kuonwa na tabibu, vipimo vya kawaida vya maabara, na dawa. Sasa weka kando ya kiwango hicho kile cha kulazwa katika kituo hicho hicho cha Leveli 3: shilingi 2,240 kwa usiku mmoja. Usiku mmoja wa kitanda unalipa kama miaka miwili na nusu ya kumhudumia mtu asiyelazwa. Huhitaji kuwa mwanauchumi kuona mwenye kliniki anafundishwa nini hapa. Anafundishwa kwamba mgonjwa anayekuja kupimwa presha na kurudi nyumbani ni hasara, na mgonjwa anayelala ni riziki. Ndiyo maana binti wa mapokezi alisema “wa kulazwa tu”. Hakuwa akibuni. Alikuwa akifuata bei kama ilivyoandikwa.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na namna Wizara ya Afya ilivyolieleza suala la ulaghai mwaka 2025. Waziri Aden Duale alitangaza kwamba baadhi ya vituo vilikuwa vikiwageuza wagonjwa wa nje kuwa wa kulazwa kwenye madai yao, na vituo kadhaa vikasimamishwa. Wizi ni wizi, na anayedai pesa za kitanda ambacho hakuna aliyekilalia anastahili kushtakiwa. Sina huruma naye. Lakini aina ya wizi huonyesha mahali bei ilipopinda. Kama pengo kati ya huduma mbili ni kubwa hivyo, utawafunga kumi na wengine ishirini watajifunza njia hiyo hiyo kwa ustadi zaidi. Kinachonisumbua zaidi ni wale wasioiba, wanaosoma bei hizo kwa uaminifu na kuamua kihalali kabisa kwamba hawatajishughulisha na wagonjwa wa nje wa SHA. Hao ndio wengi, na hakuna sheria waliyovunja ya kuwapeleka mahakamani.

Kuna hesabu nyingine inayoumiza zaidi. Kusafisha damu kwa mgonjwa wa figo kuliwekewa shilingi 10,650 kwa kila awamu, na mgonjwa huenda mara mbili kwa wiki. Kwa mwaka hizo ni zaidi ya shilingi milioni 1.1 kwa mtu mmoja. Nashukuru kwamba pesa hizo zinalipwa, kwani nawajua watu walio hai kwa sababu yake. Lakini presha na kisukari ndivyo vinavyoharibu figo za watu wengi, na vyote viwili hugunduliwa na kudhibitiwa kwenye ile kliniki ya shilingi 900. Gharama ya mgonjwa mmoja wa kusafishwa damu ni sawa na ya wagonjwa wa nje zaidi ya 1,200 kwa mwaka mzima. Tukiendelea kumpa tabibu wa mtaani shilingi 75 kwa mwezi ili asimamie presha ya shangazi yangu, tunajiandaa kulipa milioni kwa figo zake baadaye, akifika huko.

Atakayejibu atasema shilingi 900 ni wastani. Si kila mtu huugua. Katika watu elfu moja waliosajiliwa, wengi hawataingia kliniki mwaka mzima, kwa hiyo pesa zao zitawahudumia wachache wanaougua mara kwa mara. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo msingi wa kulipia afya kwa kichwa badala ya kwa ziara. Lakini inafanya kazi kwa sharti moja: kliniki iwe inalipwa kwa ajili ya wale elfu moja wote, wazima na wagonjwa, na ijue ni akina nani. Usajili wa SHA unamtambua mtu na kaya yake na kukadiria uwezo wake. Haumuulizi daktari wake ni nani. Kliniki ambayo haina watu wake wanaojulikana huonana na wagonjwa peke yao, na kila anayeingia anakuja na gharama. Wastani haumsaidii mtu anayepata upande mmoja tu wa wastani huo.

Hata tukikubali kwamba 900 zinatosha, je, zipo? Katika bajeti ya mwaka wa fedha 2025/26, hazina ya afya ya msingi ilitengewa shilingi bilioni 13.1. Zigawanye kwa 900 utapata watu milioni 14 na nusu hivi. Waliojisajili SHA walipita milioni 20 katika mwaka huo wa 2025, na Wakenya kwa jumla ni zaidi ya milioni 50. Kuwalipia milioni 20 tu kungehitaji bilioni 18, na kuwalipia wote zaidi ya bilioni 45. Kila kampeni ya usajili inayosherehekewa jukwaani inapunguza mgao wa kila mtu, maana chungu ni kile kile. Sijasikia mwanasiasa yeyote akilitaja hili anapotangaza idadi mpya ya waliojisajili, na nadhani wananchi wana haki ya kuisikia idadi hiyo pamoja na shilingi zilizoko nyuma yake.

Sasa tuwape wenye kliniki haki yao. Hoja yao iliyo nzito zaidi ni ya madeni. NHIF ilipofungwa iliacha madai ya hospitali ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Machi 2025 Rais William Ruto aliagiza wanaodai hadi shilingi milioni 10 walipwe kikamilifu, na madai makubwa zaidi yakaguliwe kwanza. Mwezi mmoja kabla ya hapo, chama cha hospitali za kibinafsi za mijini na mashambani, RUPHA, kilikuwa kimetangaza kusitisha huduma za SHA na kuwatoza wagonjwa keshi. Watu wengi waliwaona hawana utu. Mimi niliwaona kama wenye duka waliokopesha hadi rafu zikabaki tupu. Kliniki ya mtaani haina akiba ya hospitali kubwa. Ina kodi ya nyumba, mishahara ya tabibu mmoja na wauguzi wawili, na muuza dawa wa jumla asiyekubali kuambiwa angoje SHA ilipe. Kwa kituo kama hicho, pesa kidogo zinazofika kwa wakati ni bora kuliko pesa nyingi za siku isiyojulikana. Ndiyo maana nasema bei peke yake haitoshi: lazima iandamane na tarehe.

Lakini upande huo nao una la kujibu. Wapo waliobandika stika ya SHA ili kuvuta watu, kisha wakiwa ndani wanawageuzia keshi. Mgonjwa aliyefika akihema, ameshalipa nauli, hana nguvu ya kubishana. Kama kliniki haihudumii wagonjwa wa nje kwa SHA, iandike hivyo mlangoni, waziwazi, kabla mtu hajaketi kwenye benchi. Hilo halihitaji pesa za mtu yeyote.

Serikali ina hoja mbili, na hazilingani kwa uzito. Ya kwanza ni kwamba zahanati za umma zipo nchi nzima, kwa hiyo anayekosa kliniki ya kibinafsi aende huko. Katika maeneo mengi ya mashambani ndiyo njia pekee, na inastahili sifa kuliko inavyopata. Tulianza mbali: mwaka 2004 ada za zahanati na vituo vya afya zilipunguzwa hadi shilingi 10 na 20, na Juni 2013 zikaondolewa kabisa. Wauguzi wa zahanati hizo wamebeba nchi hii mgongoni. Hata hivyo, mitaa ya mijini imejaa watu kuliko vituo vya umma vilivyopo, zahanati nyingi hufungwa jioni na wikendi, na dawa zikiisha zimeisha. Mfanyakazi wa kibarua anayelipwa kwa siku hawezi kupanga foleni saa nne asubuhi bila kupoteza chakula cha jioni. Kliniki ya kibinafsi iliyo wazi saa mbili usiku inajaza pengo ambalo serikali haijalijaza, na mpango wowote unaoiacha nje unawaacha nje watu wa aina hiyo.

Hoja ya pili, ambayo husikika kila mara mambo yakichacha, ni kwamba vituo vinavyokataa SHA vinyang'anywe leseni. Hiyo ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Leseni ni ya kuthibitisha kwamba mahali pako ni safi na wahudumu wako wamesoma, haiwezi kumlazimisha mtu kufanya kazi kwa bei isiyorudisha gharama. Ukimlazimisha, atakubali kwa mdomo na kukataa kwa vitendo: mtambo hauko, daktari ametoka, dawa zimeisha, rudi Jumatatu. Tumeyaona hayo. Na ukiifunga kliniki hiyo, mgonjwa wake hatapata nyingine. Atakwenda kemisti, aeleze dalili zake kaunta mbele ya watu, anunue dawa za siku tatu. Hata Marekani, penye utajiri wote ule, madaktari wengi hukwepa wagonjwa wa Medicaid, bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, huku wakiwapokea wa Medicare, bima ya serikali ya wazee, kwa sababu ya kwanza hulipa kidogo kuliko ya pili. 

Nimesema daktari, na lazima niseme ninamaanisha nani, kwa sababu hapa pia tuna ndoto isiyolingana na mambo yalivyo. Daktari bingwa wa tiba ya familia, aliyesomea kumtazama mtu mzima, nyumba yake, kazi yake na maradhi yake yote kwa miaka, ni adimu sana Kenya. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuwafundisha Eldoret mwaka 2005, na mwaka 2018 serikali iliwapeleka madaktari 50 Cuba kusomea fani hiyo. Hata ukijumlisha wote, ni wachache mno kwa kaunti 47. Sheria ya Afya ya Msingi ya 2023 imeweka mitandao ambamo hospitali ya Leveli 4 inakuwa kitovu cha vituo vidogo vinavyoizunguka, na daktari wa familia anatarajiwa kuongoza kikosi cha wahudumu wa eneo hilo. Ni mpango mzuri. Lakini kwa miaka mingi ijayo, anayemwona shangazi yangu atakuwa tabibu au muuguzi, na sioni ubaya. Presha haihitaji bingwa. Inahitaji mtu yule yule, mwenye daftari lile lile, anayekumbuka miguu iliyovimba. Vilevile, mwaka 2023 wahudumu wa afya wa jamii laki moja walipewa vifaa na kutumwa nyumba kwa nyumba, wengi wao wakiwa na mashine ya kupima presha mkobani. Wanapima, wanakuta iko juu, wanamwambia mtu aende kliniki. Kliniki gani? Kazi yao inaishia kwenye mlango ule ule.

Njia ninayoiona ya kutoka hapa ni kila Mkenya kuandikishwa kwa kituo kimoja cha msingi anachokichagua mwenyewe, cha umma au cha kibinafsi, na pesa zake za mwaka zikifuate kituo hicho kila mwezi, awe ameugua au hajaugua. Najua watakaoshtuka. Tulikuwa na kitu kama hicho NHIF ilipoanza kulipia wagonjwa wa nje mwaka 2015: uliteua kituo, na ukijikuta mbali nacho hukuhudumiwa. Wapo waliojikuta wameandikishwa vituo ambavyo hawakuwahi kuviona. Kabla ya hapo, mwaka 2012, kashfa ya bima ya watumishi wa umma ilionyesha mamilioni yakilipwa kwa kichwa kwa kliniki ambazo baadhi yake hazikuwepo. Hizo ni hofu za kweli na siwezi kuzipuuza. Lakini makosa yale yalitokana na kulipa bila mgonjwa kuulizwa. Katika mpango ninaousema, mgonjwa angeweza kuchagua kituo chake kwa simu, kwa *147# ile ile ya SHA, akiwa nyumbani, kuthibitisha kwa alama ya kidole siku anayofika, na kuhama robo mwaka ijayo akidharauliwa. Kliniki hewa haina mtu wa kuweka kidole. Na msafiri anayeugulia Kisumu ilhali kituo chake kiko Thika anaweza kuhudumiwa, gharama ikatolewa kwenye fungu la kituo chake. Thailand ilianza na malipo ya kichwa yaliyofungamana na usajili wa eneo mwaka 2002, ikiwa nchi ya kipato cha kati, na haijarudi nyuma.

Mpango huo una bei, na nisingetaka mtu adhani ni wa bure. Kiwango lazima kipande, na kipande zaidi kwa wazee, watoto wachanga na wenye magonjwa ya kudumu, la sivyo kliniki zitawawinda vijana wenye afya na kuwakimbia akina shangazi. Pengo kati ya kitanda na kiti cha mgonjwa wa nje lipunguzwe. Pesa za msingi zitoke Hazina Kuu moja kwa moja hadi akaunti ya kituo kwa tarehe inayojulikana. Walimu waliohamishiwa SHA nao wasidhani hili si lao kwa kuwa mpango wao kama watumishi wa umma ni tofauti. Wanaingia kliniki zile zile, kwa wahudumu wale wale, na kliniki iliyofungwa kwa sababu mama mboga hakulipiwa imefungwa kwa mwalimu pia.

Juni, Waziri wa Fedha atakaposimama bungeni na mkoba wake, magazeti yataandika bei ya unga na kodi ya mafuta. Mbunge anayetaka kujua kama watu wake watapata daktari anaweza kutafuta mistari miwili tu katika vitabu vya makadirio: hazina ya afya ya msingi imepewa shilingi ngapi, na waliojisajili ni wangapi. Agawanye moja kwa nyingine, kisha aende kliniki iliyo karibu na ofisi yake ya eneo bunge na kumuuliza tabibu kama kwa kiasi hicho atampokea mzee wa presha kila mwezi kwa mwaka mzima, pamoja na dawa.